Msomaji Asiyeinamisha Macho

Jumatano ile ilikuwa zamu ya nyumba ya Dereva kupokea jumuiya, na kama ilivyo kawaida ya waamini wa kila mahali, waliofuata chai waliwahi, waliofuata sala walichelewa. Viti vya nyumba vilikuwa vichache, vingine vikaazimwa kwa jirani, na benchi la cherehani likabebeshwa akina mama watatu ambao, kwa heshima zao zote, kila mmoja alitosha benchi zima. Cherehani yenyewe ilisukumwa ukutani na kufunikwa shuka jeupe, ikabaki kule pembeni kama marehemu aliyeketishwa. Mwenye cherehani, mke wa Dereva, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa akimimina chai huku akimwomba Mungu kimoyomoyo auzidishe mkate kama alivyowahi kufanya huko nyuma.

Injili ya Dominika iliyokuwa ikija ilikuwa ile ya kuonyana. Ndugu yako amekukosea, mwendee, useme naye mkiwa wawili tu. Amekaidi, rudi na shahidi mmoja au wawili. Amekaidi tena, liambie kanisa. Utaratibu wa jumuiya ulijulikana: Neno linasomwa, linatafakariwa, kisha kila mtu anataja atakavyolitenda kabla ya Jumapili. "Neno lisilotendwa," Mwenyekiti alipenda kusema, "ni dawa iliyobaki kwenye chupa." Mwenyekiti alikuwa na duka la dawa, kwa hiyo mifano yake yote ilikuwa na chupa, na michache ilikuwa na sindano.

"Haya, nani atusomee?" akauliza.

"Kwani tuna msomaji mwingine?" akajibu Mama Seremala. "Mwache mwenyewe asimame."

Dereva akasimama mikono mitupu. Akainua uso, akaugeuza upande kidogo kama mtu anayesikiliza kama mlango umebishwa, akaanza. Neno halikudondoka hata moja. Nukta alizipumzikia, mkato aliuruka kwa adabu. Vijana wa kwaya walimpachika jina la Kaseti, na walisema ukimgeuza upande wa pili utasikia Agano la Kale. Padri mwenyewe alikwisha kumtaja katika mahubiri: mtazameni yule, anapanda kusoma bila kuinamisha macho kitabuni, Neno limehama kwenye karatasi likaingia kifuani. Siku ile Fundi alikaa wima kwenye benchi hadi shingo ikamuuma. Alikuwa na haki. Kila Jumamosi jioni mumewe alisogeza kiti karibu na cherehani, akasema, "Nisomee somo la kesho, Mama Kitinda, nilitafakari." Naye aliweka kando sare za wanafunzi alizokuwa akishona, akafungua misale yao nene ya nyumbani, akasoma na kurudia mpaka mume atosheke. Kumbe ndoa takatifu ndiyo hii, alikuwa akijiambia.

Ikafika zamu ya kutaja matendo. Mama Seremala akasema atamwonya mumewe kuhusu kukoroma.

"Mtu aliyelala hasikii," Seremala akamjibu. "Utaanzia moja kwa moja hatua ya pili."

Watu wakacheka. Dereva akasema kwa sauti yake ya mimbarini, "Mimi nasema hivi: niliyemkosea aje. Mlango wangu uko wazi. Ila aje kwa utaratibu ulioandikwa, asianze na kanisa."

Wakamaliza kwa kupeana amani. Mwenyekiti alikuwa bado anatafuna mkate, kwa hiyo akanyoosha mkono bila kusema neno. Aliunyoosha mbele kabisa ya kifua cha Dereva. Dereva akabaki akitabasamu, mikono yake imening'inia. Mkono wa Mwenyekiti ukakaa hewani, ukaanza kuona aibu. Hatimaye akameza, akasema, "Amani ya Bwana," na papo hapo mkono wa Dereva ukaruka na kuushika.

"Alikugomea amani!" akapiga kelele Mama Seremala, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Fundi hakucheka. Birika lilikuwa mkononi mwake na alilisahau likiwa limeinama, mpaka chai ikafika kwenye vidole vyake. Alikuwa anakumbuka. Koti lililoning'inia nyuma ya mlango, ambalo mumewe alilisalimia asubuhi moja, wakacheka wote akasema alikuwa anatania. Kioo cha pembeni cha basi la shule analoliendesha, kilichovunjika mara mbili tangu mvua ziishe. Yule mbwa wa kwenye kona, aliyekanyagwa mchana kweupe. Na kwamba siku hizi Dereva hamsalimii mtu kwanza, anangoja asikie sauti.

"Na wewe, Fundi?" Mwenyekiti akauliza. "Umeturuka. Utalitendaje Neno?"

"Nitamwonya mtu."

"Nani huyo?"

"Si imeandikwa tuwe wawili?" akajibu, na akainama kufuta chai sakafuni.

*

Alimpata kesho yake alasiri, basi limeshaegeshwa, Kitinda yuko nje anacheza. Dereva alikuwa jikoni akimenya viazi, na alivimenya vizuri, akiongozwa na vidole. Fundi akaketi mbele yake.

"Baba Kitinda, ukiniangalia unaona nini?"

Kisu kikasimama. "Naona mke wangu."

"Niambie unaona nini."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. "Naona masikio yako," akasema. "Naona nywele, naona mabega. Hapo katikati pana kitu kama moshi. Nikigeuza kichwa na moshi unageuka. Uso wako naukumbuka, usiwe na wasiwasi."

Fundi alitamani amzabe kibao, kisha alitamani amkumbatie, na kwa kuwa hakujua kipi kianze, hakufanya chochote. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zile. Hospitali nilikwenda. Daktari alinionyesha ubao wa herufi, nikamwuliza ubao uko wapi. Miwani haisaidii, alisema."

"Na unaendesha watoto wa watu!"

"Sikiliza. Barabara ni kingo, Mama Kitinda. Kingo naziona vizuri kuliko wewe. Kona nazijua kama Baba Yetu. Najua wapi napunguza, wapi pana tuta, wapi Matroni ataanza kupiga chafya kwa vumbi la mbao. Miaka yote hiyo, barabara ile haijabadilisha hata neno."

"Siku ikibadilisha?"

Akachukua kiazi kingine.

"Nenda kwa Sista Mkuu wa shule," Fundi akasema. "Umwambie mwenyewe. Atakupa kazi ya getini, ya bustani, yoyote."

"Getini yupo mtu. Bustanini wapo wawili. Na nyumba hii ya nani?"

Fundi alijua ya nani. Kila mtu pale alijua. Nyumba ilikuwa ya shule, ilikuja pamoja na usukani, na aliyekuwa dereva kabla yao walimwona kwa macho yao akitoa vitanda nje siku ileile alipostaafu, kabla hata keki ya kumuaga haijaisha.

"Nikishusha usukani leo, kesho tunashusha mapazia," Dereva akasema. "Utashonea wapi sare zako? Barazani kwa dada yako? Utamsikia akihesabu vijiko vyake kila ukitoka." Akafuta mikono, akainuka, na sauti yake ikapata ule utulivu wa Jumapili. "Basi. Umenionya, tulikuwa wawili, sikusikia. Endelea na hatua ya pili. Siwezi kukuzuilia Injili."

Akamwachia viazi.

*

Ijumaa asubuhi Fundi alimvua Kitinda sare.

"Mama, sina homa."

"Una tumbo."

"Tumbo haliniumi."

"Litauma. Lala."

Akasimama mlangoni, akalitazama basi likitoka. Kwenye kituo cha kwanza, mbele ya duka la dawa, walikuwa wanangoja pacha wa Mwenyekiti na mikoba yao, na yule mtoto mrefu wa mwalimu wa hesabu. Fundi aliwajua wote kwa mita yake. Alijua kifua cha kila mmoja, alijua pacha yupi bega limeshuka, alijua nani amerefuka tangu likizo na anahitaji kushushiwa pindo. Wakapanda mmoja mmoja, wakicheka, na mlango ukafungwa. Wake alikuwa kitandani anasoma kitabu cha picha. Kila mara Fundi alipomtazama alihisi kama ameiba kitu dukani na mwenye duka anamfungia vizuri kwa karatasi.

Angekwenda kwa Sista Mkuu mwenyewe, na kwa kweli alikwenda, aproni bado kiunoni. Ofisi ilikuwa imefungwa. Karani akamweleza kwamba Sista yuko kwenye mafungo hadi Jumatano, na simu ameizima asije akamkatisha Roho Mtakatifu.

"Ni jambo gani nimwandikie?" karani akauliza.

Fundi akafungua mdomo. Akaona mapazia yake mwenyewe, yale ya maua, yamekunjwa juu ya mkokoteni. "Ni kuhusu sare," akasema.

Basi lilirudi alasiri likiwa na taa moja. Fundi alisikia sauti ya Matroni kabla hajafika, akatoka mbio, na kitu cha kwanza alichokiona ni wekundu uliotapakaa kwenye bampa, mbichi, unaochuruzika. Akajikuta ameketi kwenye ngazi za mlango bila kukumbuka kuketi.

"Nyanya, Mama Kitinda, nyanya!" Matroni akamwita, akiwa ameshika ndoo na tambara. Alikuwa mwanamke mnene wa huruma nyingi, na kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha nyuma na wale wadogo. "Mwenye mkokoteni ameacha matenga yake katikati ya barabara kama sebuleni kwao. Yeye mzima, kajirusha mtaroni. Matusi aliyotutukana, watoto wamejifunza msamiati wa muhula mzima."

"Aliegesha vibaya," Dereva akasema, akipita.

Alikuwa anapiga mluzi. Lakini alipofika kwenye ngazi alisita, akauweka mguu polepole, akautafuta ukingo kwa ncha ya kiatu. Mluzi haukukatika.

*

Wasimamizi wao wa ndoa walikuwa Seremala na mkewe, na hao ndio Fundi aliowaita kuwa mashahidi. Seremala alitengeneza mabenchi ya kanisa na majeneza ya mtaa, na alisema tofauti ni kwamba kwenye mabenchi watu hulalamika. Wakaja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Fundi akasema yote, mbele ya mumewe. Dereva akamsikiliza kwa heshima kubwa, mikono juu ya magoti.

Seremala akajikuna shingo. "Ndugu yangu, tuhuma nzito hii."

"Nzito," Dereva akakubali.

"Sasa sisi ni watu wa vitendo. Hebu chukua kitabu, utusomee. Tukimaliza hapo tunywe chai."

Akampa Biblia kutoka kabatini. Dereva akaipokea, akaifungua katikati, akaishika mbele ya uso wake kwa umbali unaofaa, akaanza zaburi ya mchungaji. Aliisoma taratibu, akapita bondeni, akapita kwenye meza iliyoandaliwa, na alipofika kwenye kikombe kinachofurika Mama Seremala alikuwa ameshatoa leso. Fundi aliyekuwa amesimama nyuma ya bega la mumewe akatazama kurasa zile. Hapakuwa na mchungaji hapo. Palikuwa na orodha ya wana wa fulani, aliyemzaa fulani, aliyemzaa fulani.

"Hebu tazameni ukurasa!" akasema.

"Neno la Bwana," Dereva akasema, na akakifunga kitabu.

"Tumshukuru Mungu," wakaitika mashahidi wawili, kwa mazoea.

Mama Seremala akamshika Fundi mkono, akampapasa kama anavyopapaswa mgonjwa. "Unachoka, mwanangu. Kushona usiku na mchana, na macho yenye shida ni yako wewe, siyo yake. Unajua mwanamke akichoka anaona mambo."

"Mama, alikuwa kwenye ukurasa mwingine."

"Basi kama anaijua bila ukurasa, si ni sifa zaidi?"

"Mimi nafunga majeneza," Seremala akasema akiinuka, "na sina haraka, wateja huja wenyewe. Lakini ndoa sipendi kuifunga humo." Akampiga Dereva begani, wakatoka nje wakizungumza mambo ya mbao.

Jioni ile ile, jua likiwa bado liko dirishani, Dereva akasogeza kiti karibu na cherehani. Fundi hakuamini. Lakini mume alikuwa ameketi, ameegemeza kichwa ukutani, anangoja kama anavyongoja kila Jumamosi.

"Nisomee somo la kesho, Mama Kitinda."

"Hata leo?"

"Leo zaidi."

Akafungua misale. Somo la kwanza lilikuwa la nabii Ezekieli, lile la mlinzi. Mungu anamwambia nabii: nimekuweka uwe mlinzi, ukimwona mtu anakwenda kuangamia nawe ukakaa kimya, atakufa kwa kosa lake, lakini damu yake nitaidai kwako. Fundi alilisoma kwa macho tu, midomo imefungwa. Akalisoma tena. Aliwaona pacha wa Mwenyekiti na bega lililoshuka.

"Mbona kimya?"

"Natafuta ukurasa."

Na kweli akatafuta. Kanisa, kwa hekima yake, limeyagawa masomo katika miaka mitatu, A, B na C, ili watu wasichoke. Akaiacha Dominika ileile ya Mwaka A, mwaka waliokuwamo, akafunua hadi Dominika ileile ya Mwaka B. Isaya. Waambieni wenye mioyo ya woga, jipeni moyo. Ndipo macho ya vipofu yatakapofumbuliwa.

Akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye vipofu akakohoa, akaendelea.

Dereva akamgeuzia sikio. "Ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

"Dominika ya ishirini na tatu?"

"Imeandikwa hapa juu. Ya ishirini na tatu."

"Mungu naye ana utani," Dereva akasema taratibu. "Rudia."

Akarudia, na kurudia, na alikuwa anajua anachofanya. Kanisa lingeambiwa. Kila mtu kanisani alikuwa na kijikaratasi cha masomo mkononi, na msomaji anayeona hawezi kusoma Isaya kwenye ukurasa wa Ezekieli.

*

Jumapili kanisa lilijaa hadi barazani. Dereva akapanda mimbarini na suti yake ya harusi, akaweka viganja kando ya kitabu kikubwa, akauinua uso, akaugeuza upande.

"Somo katika kitabu cha nabii Isaya."

Fundi, benchi la tatu, aliuma kidole chake. Karatasi zikaanza kuchakacha. Mwanzo moja moja, kisha nyingi, kama mvua inayotafuta bati. Watu waligeuza mbele, wakageuza nyuma, wakachungulia za wenzao. Mimbarini Dereva aliisikia mvua ile. Fundi aliona bega lake likishtuka. Lakini sauti haikuyumba, iliendelea hadi vipofu wakaona na viwete wakaruka, na jangwani maji yakabubujika.

"Neno la Bwana."

Sekunde moja kanisa zima lilikosa la kusema. Kisha likasema lile lile linalosema kila Jumapili. "Tumshukuru Mungu."

Padri alikuwa kijana na mwenye akili nyepesi. Alipopanda kuhubiri akatabasamu. "Wapendwa, leo msomaji wetu ametuletea somo la mwaka mwingine. Sakristani wetu, nadhani, aliamka na usingizi." Kicheko. "Lakini Roho huvuma apendako! Hebu tutafakari: ndugu, ni upofu gani ulio ndani ya moyo wako?" Akatafakari upofu wa moyo kwa kirefu. Upofu mwingine haukumpitia akilini.

Baada ya Misa sakristani, mzee mpole anayenuka nta ya mishumaa, alikuwa amesimama mlangoni mwa sakristia akiomba radhi kwa kila mtu. "Nilifungua vibaya," alikuwa akisema. "Naapa niliona Ezekieli, kumbe nilifungua vibaya. Uzee huu." Vijana wa kwaya walimpita wakimwuliza leo ni Pasaka au Krismasi.

Fundi akamvizia Padri kwenye kona ya mnara. "Padri, kitabu kilifunguliwa sawa. Mume wangu hasomi. Haoni. Nilimfundisha somo jingine kwa makusudi, ili mwone."

Padri akamtazama. "Ulimdanganya mumeo? Kwa kutumia Neno?"

"Padri, anaendesha basi la watoto."

"Mama, hili ni zito, linahitaji utulivu. Mmeshazungumza wawili?"

"Tumezungumza."

"Na mashahidi?"

"Waliletwa."

"Vizuri sana, mnafuata utaratibu. Basi njooni ofisini, nyote wawili. Jumatano jioni."

"Basi linaondoka kesho asubuhi!"

Lakini nyuma yake walikuwapo watu wa ubatizo, na mtoto alikuwa ameshaanza kulia.

Nyumbani Dereva hakupaza sauti. Alivua suti, akaitundika, akapapasa mabega yake yakae sawa kwenye kitundikio. "Ulinisimamisha uchi mbele za watu," akasema. Hilo tu. Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe, akalala na uso ukutani. Fundi alitamani atukanwe. Tusi lina mwisho.

*

Jumatatu, kukipambazuka, alimsikia akivaa viatu. Akainuka kwa kiwiko. Dereva alikuwa mlangoni tayari, ufunguo mkononi, na Kitinda bado amelala, mdomo wazi.

"Huyu?" Fundi akauliza.

"Wako nimekuachia," Dereva akasema. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Mlango ukafungwa. Fundi alikaa kitandani akiisikiliza ile sentensi. Ilikuwa inamzunguka kama inzi, na kila ilipotua ilitua palepale. Wako nimekuachia. Injini ikaunguruma, ikabadilisha gia, ikaenda kuwachukua wa wenzake.

Akatoka na gauni la kulalia na sweta juu yake. Akabisha kwa jirani, akamwambia amwangalie mtoto, hakungoja jibu. Alikata nyuma ya mabanda ya soko, akaruka mtaro, akapoteza ndara moja, akaiacha ya pili. Basi hupita duka la dawa, kisha huzunguka soko, kisha huteremka kwenye barabara iliyonyooka ya karakana za mbao. Hapo ndipo alipotokea, akihema kama mbwa, mbele ya karakana ya Seremala. Seremala alikuwa anafungua milango, penseli sikioni.

"Fundi! Kumekuwaje? Nani kafa?"

Akaingia barabarani. Akasimama katikati kabisa, mbali na kingo zote mbili, mikono ameishusha. Asubuhi ilikuwa safi. Mtu angeweza kuhesabu majani ya mti kutoka mbali.

Basi likatokea kwenye kona. Lilipinda vizuri, likanyooka vizuri, likaja kwa mwendo wake wa kila siku. Fundi aliuona uso wa mumewe nyuma ya kioo, umegeuzwa upande kidogo, mtulivu, kama mimbarini. Hakupiga honi. Hakupunguza.

"Toka!" Seremala akapiga yowe. "Toka, mwanamke!"

Magoti yake yalitaka kutoka. Yeye mwenyewe alibaki. Ndani ya basi pakazuka kelele, za watoto kwanza, kisha ya Matroni, kelele moja ndefu, na ndipo breki zikalia na vumbi la mbao likanyanyuka hadi likaficha jua. Bampa lilikuja likamgusa sweta juu ya tumbo, likamsukuma hatua moja nyuma, karibu kwa upole, likasimama.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Dereva akashuka, mkono mmoja umeshika ubavu wa basi, akaja mbele. Akasimama umbali wa kumfikia mtu kwa mkono. Akageuza kichwa huku, akakigeuza kule.

"Nani huyo?" akauliza. "Una wazimu? Ungekufa!"

Ilikuwa sauti anayoitumia kwa watu asiowajua. Fundi akabana meno. Angetamka hata neno moja, mumewe angelidaka na kusema alimwona tangu kwenye kona, na watu wangemshukuru Mungu.

"Nakuuliza, nani wewe?"

Seremala alikuwa amefika. Alimtazama mwanamke, akamtazama mwanamume, penseli ikamdondoka sikioni na hakuiokota. Mlangoni mwa basi Matroni alikuwa amesimama na mtoto kiunoni, damu ya pua ya mtoto ikimchirizika begani, mdomo wake wazi. Wote walikuwa wanaona sasa, na kila mmoja aliona peke yake.

Dirisha la mbele likasogezwa. Pacha mmoja wa Mwenyekiti, yule wa bega lililoshuka, akatoa kichwa, uso umelowa machozi. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Hata katika hali ile aliona mtu mzima.

"Shikamoo, Mama Kitinda," akasema.

Na mtu mzima hawezi kuiacha shikamoo ya mtoto hewani, hata afe.

"Marahaba, mwanangu," Fundi akajibu.

Dereva akatulia. Midomo yake ilitembea kidogo, kama mtu anayetafuta mstari uliofuata, na haukuja. Watoto wengine walianza kushuka, wakishikana mikono, Matroni akiwahesabu kwa sauti inayokatika, na kila aliyepita alisalimia, na Fundi aliitika kila mmoja, na Dereva alisimama akisikiliza jinsi walivyokuwa wengi.

Walipokwisha akanyoosha mkono wenye ufunguo. Aliuelekeza pembeni kidogo, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ikabidi Fundi ndiye asogee.